Mkuu wa Chumba cha Kompyuta

Jumatatu, 7 Machi 1988
Programu ya kuchapa lebo za sabuni imefika kiwandani kwetu, mtaani Baba Dogo. Imekuja kama maandishi matupu kwenye tepu! Lazima tuijenge wenyewe ndani ya kompyuta yetu ya Unix, na kwanza tuichagulie mambo: printa gani, karatasi ya upana gani. Machaguo hayo yako wapi? Hakuna ajuaye. Meneja, Bwana Ndambuki, kasema atakayetoa lebo kufikia Ijumaa ndiye mkuu wa chumba cha kompyuta. Ni mimi au Aoko, mwenzangu wa chumba hicho. Nimekifungia kitabu cha maelezo ya programu ndani ya dawati langu. Kurasa mia nne. Aoko kwisha!

Jumanne, 8 Machi
Kitabu sijakifungua. Kubahatisha kunataka akili safi. Nasikia chaguo huandikwa kama herufi yenye kistari; basi kwenye amri ya kujenga programu nimetia herufi zote, a mpaka z, kila moja na kistari chake. Moja lazima iwe sahihi. Mashine ikatoa makosa mia mbili na kumi. Jana haikusema neno. Maendeleo!

Jumatano, 9 Machi
Aoko kauliza kitabu kiko wapi. Nikamwambia kimepelekwa kutiwa jalada jipya. Akasema si neno, atafungua faili la Makefile lenyewe, lile la maagizo ya kujenga programu. Huenda mwandishi wa programu kaeleza machaguo humo humo. Nikacheka hadi nikamwaga chai. Saa tisa alikuwa ameyapata yote. Kwenye mistari ya juu kabisa!

Alhamisi, 10 Machi
Aoko alipokwenda kula, nikanakili machaguo yake. Wizi? Hata! Nimebadilisha moja ili kazi iwe yangu. Upana wa karatasi yeye kaweka herufi themanini. Mimi nane. Fupi, inapendeza.

Ijumaa, 11 Machi
Lebo yangu ilitoka nyembamba kama utepe, ikateremka, ikafika mlangoni. Bwana Ndambuki akauliza, "Mativo, hii ni ya sabuni au ya nyoka?" Ya Aoko ilitoka sawasawa. Yeye ndiye mkuu. Halafu akanitetea! Kaomba niwe naibu wake, akakubaliwa, kanimegea na mandazi. Wiki nzuri, kusema kweli.

Jumamosi, 12 Machi
Nyumbani, Kariobangi. Chai, redio. Naibu Mkuu! Cheo kinanikaa. Aoko kanipa maelezo ya programu ijayo, niyasome kabla ya Jumatatu. Nimeyakunja, nikayasukuma chini ya mguu wa meza. Meza imetulia ajabu. Hiyo programu tutajuana nayo huko huko.