Kadi ya Wiki ya Bibi Mwanahamisi

Jumatatu, 3 Juni 2024

Ukungu mpaka mlangoni. Baridi kali. Lakini kichwa changu kinachemka!

Mpwa wangu Nasra, anayesoma ng'ambo, amenipigia simu. Anasema huko mgeni asiye na gari halipi nauli kila anapopanda. Ananunua kadi. Kuna ya siku moja, ya siku tatu, ya wiki. Anachagua kulingana na safari zake, kisha anapanda basi lolote. Nikamuuliza: na asiposafiri? Akasema shauri yake, siku zikiisha kadi imekufa. Nilimuuliza mara tatu nipate hakika. Kumbe biashara si watu kusafiri. Biashara ni watu kukaa!

Hapa Lushoto wageni wasio na gari wanashuka kila siku. Kwa nini hakuna aliyewaza hili? Jirani yangu Silvano, mwenye Noah ya kukodisha, hawezi kuwaza. Anajua kuosha tairi tu.

Nimekubaliana na Bakari wa bodaboda na Stephano, kondakta wa basi dogo. Mwenye kadi yangu apande, mimi nitawalipa mwisho wa wiki. Stephano ameahidi kuongea na makondakta wenzake. Kisha akauliza kama nimepata malaria. Wivu.

Jumanne, 4 Juni

Kadi kumi tayari, nimezikata kwenye boksi la majani ya chai. Mke wangu Evelina ameuliza kwa nini majani yenyewe yamo kwenye sufuria ya ugali.

Stendi. Mgeni wa kwanza: kijana, begi mgongoni, miguu mirefu kama ngazi. Huyo hapana! Atazunguka milima yote. Nikamwambia kadi zimekwisha.

Wa pili: bibi mzee, fimbo mkononi, goti limefungwa bandeji. Moyo ukaruka! Nikampa shikamoo ya kuinama kabisa. Anaitwa Bibi Mwanahamisi, ametoka Tabora, hajakanyaga huku miaka arobaini na moja. Alinihoji kama hakimu. Kadi inafika Soni? Inafika. Mponde? Inafika. Mtae je? Inafika, bibi, hata Mtae! (Nani ataenda Mtae na goti lile?) Akauliza achukue ya siku ngapi. Nikamshauri wiki, mtu mzima hapaswi kukimbizwa.

Silvano akajipenyeza, akasema Noah yake ina kiti laini. Bibi akachagua kadi. Silvano akapiga teke tairi lake mwenyewe!

Jumatano, 5 Juni

Nimepita nyumba ya wageni kuona bibi anavyopumzika. Hayupo! Ameondoka saa kumi na mbili na basi la kwanza. Soni. Saa nne amerudi. Saa tano ameondoka tena, Mponde. Jioni Bakari akampeleka Irente na kumrudisha. Bakari anasema bibi hachoki, na bandeji ameivua kwa sababu inamchelewesha.

Inamchelewesha kwenda wapi? Anatafuta nini? Shamba la urithi? Madini? Chakula hakipiti kwa udadisi. Kesho namfuata.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemfuata mpaka Mombo. Nilikaa kiti cha nyuma, kofia imefunika macho. Nauli nimelipa mwenyewe, sikukumbuka kujiandikia kadi.

Alikuwa anapita kwa akina mama wanaouza matunda barabarani, mmoja mmoja, anawauliza jina moja. Yusta. Nikajibanza nyuma ya matenga ya matunda. Ghafla akageuka akaniita. "Mwanangu, toka nyuma ya hayo matenga, utavunja shingo."

Tukanywa chai. Akanieleza. Yusta alikuwa rafiki yake wa usichana, wakiuza mboga pamoja soko la Soni. Mwaka themanini na tatu mume wa Bibi Mwanahamisi alipata kazi ya reli Tabora. Lori likaondoka alfajiri, naye hakuaga. Yusta akatuma neno kwamba urafiki umekwisha. "Mume nimemzika, watoto nimewaozesha," akasema. "Nimebakiza hili tu."

Alipokwenda kunawa mikono, muuza machungwa akaninong'oneza kwamba Yusta yuko Mtae, kwa mwanawe. Mtae! Barabara ndefu kuliko zote! Nikinyamaza, bibi atakata tamaa, atakaa chumbani, biashara itapona. Nikamaliza kikombe kizima cha chai. Akarudi, akaniuliza kama chai ni chungu, mbona nimekunja uso.

Nikamwambia. Nimejishangaa mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni

Tumerudi kutoka Mtae. Jana sikuandika, basi lilikwama kwenye tope mara mbili nami ndiye niliyesukuma. Bibi alikaa ndani. Ana kadi.

Yusta tulimkuta mlangoni akimenya maharage. Hakusimama. Alimtazama mwenzake kuanzia kilemba mpaka viatu. Kisha akauliza, kwa Kishambaa, "Ulikuwa na haraka gani?"

Bibi Mwanahamisi akasema lori halikusubiri.

"Mimi nilisubiri," Yusta akasema. "Nilikaa sokoni mpaka saa sita. Sikuuza hata fungu moja."

Halafu Yusta akasogea kwenye benchi, akamsukumia mwenzake nusu ya maharage. Wakamenya. Mpaka giza linaingia walikuwa wanabishana ni nani aliyemuuzia karani wa misheni kabichi bovu. Walicheka mpaka Yusta akashika mbavu. Mimi niliingiwa na vumbi machoni. Mvua ilikuwa inanyesha, lakini vumbi liliingia.

Jumapili, 9 Juni

Nimewalipa Bakari na Stephano. Redio imeuzwa kulipia deni. Silvano amekuja kuniuliza kama nahitaji Noah ya kunipeleka kutafuta akili.

Mchana mabibi wote wawili wamebisha hodi. Yusta ameshuka leo kumfuata, watakaa Lushoto mwezi mzima. Wanataka kadi ya watu wawili, ya mwezi.

Nimefikiri kwa kina. Bibi Mwanahamisi alizunguka kwa sababu alikuwa anatafuta mtu. Amempata! Sasa ana safari gani? Watakaa kibarazani, watanywa chai, watapiga soga. Huu ndio mwezi wa faida! Nimewaandikia hapo hapo, na kwa furaha nimewapunguzia nusu bei.

Wakati wa kuaga, Yusta aliuliza basi la kwanza la Mlalo linaondoka saa ngapi. Akauliza pia kama kadi inafika Tanga mjini, maana tangu azaliwe hajaona bahari. Nikamwambia inafika, bibi, inafika.

Wazee wanapenda tu kuulizauliza.