Winchi, Bampa na Mguu wa Bibi Harusi

Jumatatu, 7 Aprili

Nimenunua winchi! Nimeipata Katwe, kwa mtu anayeuza vyuma vilivyotolewa kwenye magari ya watu wengine. Inavuta tani nne, kibandiko kinasema hivyo. Ina waya wa chuma na ndoano kubwa kama mkono wangu.

Nusura, mke wangu, hakushangilia. Aliuliza kama winchi inaliwa. Nikamweleza kwa utulivu. Jumamosi mpwa wake Munirah anaolewa, na nyumba anayopelekwa iko Bombo, chini ya mteremko ambao mvua ikinyesha haupitiki. Mama yake Munirah, Hajati Rahmah, ametoa sharti moja tu: mguu wenye hina usiguse tope. Basi nani ambebe bibi harusi? Wahabi, kaka yake Nusura, na Prado yake inayong'aa kama sahani ya Idi? Au mimi, na Landkruza ya mwaka 1989 yenye winchi?

Nusura akasema sawa, tuelewane. Landkruza ikifanya kazi Jumamosi, inabaki. Ikishindwa, inakwenda kwa Wahabi, ambaye mwaka mzima anaiomba aikate mgongo abebee makaa. Makaa! Nimekubali.

Jumanne, 8 Aprili

Kwa Augustin, Mkongo wa Bukavu, fundi bora wa Katwe na mwenye maneno mengi. Alilala chini ya gari muda mrefu. Akasema bampa hili ni la urembo, mabomba yaliyochomelewa tu. Winchi inashikwa na chesisi, uti wa mgongo wa gari, kwa bamba la chuma na bolti nne, na bamba litakuwa tayari Ijumaa. Nikasema Ijumaa nina shughuli, afunge kwenye bampa. Akasema, Mzee Latif, haifai. Nikamuuliza gari ni la nani.

Akafunga. Bolti mbili. Kisha akachukua chaki akaandika ukutani: Abdul-Latif amekataa, winchi, 8/4. Ndivyo anavyomfanyia kila mteja asiyesikia, ili kesho asilaumiwe. Ukuta una majina saba. Mawili ni yangu, lile la kwanza ni la giaboksi.

Akanipa na masharti. Injini iwe inawaka wakati wa kuvuta, la sivyo betri itakufa. Na nguo nzito iwekwe juu ya waya, ukikatika usije ukamkata mtu. Fundi ukimpa sikio hanyamazi.

Jumatano, 9 Aprili

Jaribio. Nilifunga ndoano kwenye mfenesi wetu wa uani, nikazima injini. Dizeli si maji. Nikabonyeza rimoti. Gari likaufuata mfenesi lenyewe, bila dereva! Jirani yetu Olivia akapiga makofi. Nikamwonyesha tena. Mara ya tatu winchi ikakohoa, ikanyamaza. Betri kwisha. Waya umekaza uani kote, haulegei wala haurudi.

Kabla ya adhuhuri Nusura alikuwa ameanika shuka juu yake. Olivia akaongeza nepi za mjukuu. Ikabidi Wahabi aitwe aje na nyaya za kuwashia. Alikuja na kanzu nyeupe, akaiwasha, hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Kabla ya kuondoka alipima nyuma ya Landkruza kwa shubiri. Akasema, magunia kumi na manne, shemeji.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekwenda Bombo kuukagua mteremko. Mkavu! Siku tatu jua tupu. Hata baiskeli inapita. Prado ikipita, winchi yangu ataiona nani?

Nikakaa nikafikiri. Kisha nikajaza madumu kumi na mawili kwenye bomba la jirani mmoja wa pale, nikayamwaga yote kwenye kona ya chini. Mwenye bomba, Bi Fatumah, akauliza ninafanya nini. Nikasema natuliza vumbi lisimchafue bibi harusi. Akaniombea dua ndefu. Nikaitikia amina, macho chini. Nilisikia haya kidogo. Ikapita.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Madumu kumi na mawili bure, na mgongo unaniuma!

Augustin amepiga simu. Bamba liko tayari, niende sasa hivi. Nimemwambia niko kwa kinyozi. Ni kweli. Watu watanitazama kesho.

Jumamosi, 12 Aprili

Hajati alimpakia Munirah kwenye Prado. Mimi nikapewa masufuria ya pilau. Nikavumilia, maana kona ile naijua.

Kona ikamshika Wahabi! Magurudumu yanazunguka, tope linaruka, gari haliendi mbele wala nyuma. Hajati mwenyewe akaniita: Abdul-Latif, winchi yako iko wapi? Wallahi, maneno hayo nimeyangoja tangu Jumatatu. Nikalisimamisha gari langu juu ya mteremko, nikanyoosha waya, nikatia ndoano nyuma ya Prado. Injini nikaiacha ikiwaka, kwa sababu watu wanatazama. Koti la Wahabi nikalitandika juu ya waya. Nusura aliniangalia kama siku ya nikahi yetu. Nikabonyeza.

Waya ukakaza. Landkruza ikainama. Kisha pah! Bampa likang'oka, likaondoka na winchi, taa moja na namba ya gari, vyote vikateleza hadi kwenye buti la Prado. Prado haikusogea hata shubiri.

Munirah akaanza kulia ndani ya gari. Hapo wanawake wakashuka. Walikuwa na mikeka ya zawadi, waliyoisuka wenyewe. Wakatandika mitatu juu ya tope, Munirah akapita, wakaokota wa nyuma wakauleta mbele, hivyo hivyo mpaka mlangoni, kwa vigelegele. Mguu haukugusa tope. Mimi nilibeba sufuria.

Laiti ingeishia hapo. Kwenye pilau Bi Fatumah akasimama kunishukuru mbele ya wote. Akasema baba huyu alikuja Alhamisi akamwaga madumu kumi na mawili pale konani, kutuliza vumbi, Mungu ambariki. Wahabi akaacha kutafuna. Hajati akauliza kona ipi. Nusura akanigeukia. Banange! Landkruza ilihukumiwa kabla ya chai.

Jumatatu, 14 Aprili

Wahabi anakuja kuichukua Landkruza leo baada ya alasiri, na kamba ya kuvutia, maana ufunguo simpi. Asubuhi nilikaa kwenye kiti cha dereva nikalia kidogo. Watoto wetu watatu, wote nimewakimbiza hospitali ya Mulago wakazaliwe, mama yao kwenye kiti kile cha nyuma akinitukana njia nzima. Sasa magunia kumi na manne!

Nikafuta machozi nikaenda Katwe. Augustin alinionyesha ukuta. Mbele ya jina langu ameongeza: amerudi. Akasema safari hii ni chesisi, bamba na bolti nne. Nikasema aifunge nyuma, kwenye bampa la nyuma, na bolti mbili zinatosha, nina haraka. Akachukua chaki. Nikamkumbusha tarehe.

Sasa winchi iko nyuma ya gari, ndoano iko kwenye mfenesi, rimoti iko mfukoni mwa kanzu. Wahabi akivuta mbele, mimi nitabonyeza kurudi nyuma. Tutaona nani atachoka! Nusura amepita na beseni la shuka mbichi, ameuliza kama waya una nafasi.

Namsikia Wahabi getini. Injini nimeizima. Dizeli si maji.