Ndege ya Kinshasa na Hesabu Yangu

Jumatatu, tarehe 3 Juni 1974

Kaka yake Habiba, Bwana Asani, anakuja keshokutwa kutoka Kinshasa. Yeye ndiye atakayeamua: Habiba aolewe nami au na Amisi mshonaji. Mimi ni karani mstaafu. Amisi ana cherehani mbili na meno yote. Atakayempokea kwenye uwanja wetu wa ndege, Luano, ndiye atakayemlaza kwake, na atakayemlaza ndiye atakayesikilizwa.

Telegramu inasema anaondoka saa mbili asubuhi. Nimepima ramani kwa uzi: kilomita elfu moja na mia tano na kitu. Ndege huenda mia nane kwa saa. Atatua saa nne kamili. Amisi hana uzi wa namna hii.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimemweleza Habiba hesabu yangu, ajue anaolewa na mtu wa aina gani. Akacheka. Akasema saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu. Wao wakisema mbili, sisi tumefika tatu. Nilimsahihisha kwa upole. Nchi moja, chama kimoja, bendera moja. Saa zitakuwaje mbili? Akajibu, "Basi, mzee, kaulize chama." Nimemsamehe. Ni mjane, hana wa kumwongoza.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Luano, saa tatu na nusu. Abakosti mpya, suti yetu isiyo na tai, na shada la maua. Saa nne: anga tupu. Saa nne na robo: tupu! Mama Mwansa, anayefagia ukumbi, akanionyesha benchi, akasema, "Baba, ikala kwanza. Ya Kinshasa inafikaka saa tano." Nikamwonyesha karatasi ya hesabu. Akaitazama sana, kisha akaniomba niinue miguu apitishe ufagio.

Ndege iliyochelewa nusu saa haikuruka. Nikarudi mtaani kwetu, Hewa Bora, kwa teksi. Njiani tukapishana na Amisi, ndiyo kwanza anakwenda! Alinipungia mkono. Nilimhurumia kwa dhati.

Jioni. Bwana Asani yuko kwa Amisi. Anakula kuku.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nilikwenda kumsalimu. Amekwisha kupimwa suruali. Akasema alinitafuta uwanjani, kwa kuwa Habiba alimwandikia kwamba mimi sikosei saa.

Habiba anaolewa na Amisi, Jumamosi, saa sita mchana. Asani hatakuwapo, amemwachia imamu idhini. Nilisema uamuzi huo una haraka. Akasema ana ndege kesho asubuhi.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Asani aliondoka saa mbili. Jioni imefika telegramu yake: ametua salama Kinshasa saa tatu kamili.

Saa tatu! Safari nzima ni ya saa moja tu! Kumbe rubani wa Jumatano alizurura, na mimi nikalaumiwa.

Yote yamenyooka. Kesho naruka saa mbili, natua saa tatu. Asani atanisubiri uwanjani; nimemtumia telegramu. Nitamweleza kosa la rubani, atatia sahihi barua ya kubatilisha idhini. Ndege ya saa nne itanirudisha hapa saa tano. Itabaki saa nzima ya kunyoa ndevu.

Tiketi ninayo. Nimepita pia kwa imamu. Nimemsihi aanze saa sita kamili, asimngoje mtu yeyote; Amisi ana tabia ya kuchelewa.