Mguu Mmoja wa Malkia

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepata! Nimepata! Leo sikulala mchana kwa furaha, na mimi usingizi wa mchana siukosi hata kwa mafua.

Wazo limenijia kwenye simu. Kumbe huko ng'ambo mabibi wa kifalme hawavai tena vito vya nyanya zao jinsi vilivyo. Wanavipeleka kwa sonara, vinakatwa, vinageuzwa hereni na pete za kuvaa siku yoyote. Watu wanashangilia. Sonara anapigwa picha. Sonara! Mtu kama mimi, Mansur wa Junda, ambaye mwezi mzima uliopita nimelehemu mikufu iliyokatika na miwani ya ustadhi wa madrasa.

Na vito vya kifalme tunavyo! Viko kwenye sanduku la mama mkwe, Bi Tima, mvunguni mwa kitanda chake. Furungu la fedha, ile bangili nene ya kuvaa mguuni, ndani lina uwazi wenye punje za fedha zinazolia mtu akitembea. Lilikuwa la malkia wa mji mmoja wa kaskazini ambao sasa umebaki kuta na popo. Nyanya yake Bi Tima alitoka ukoo huo. Najua, kila ukoo hapa pwani una malkia wake. Lakini wa kwetu ameacha kitu.

Jumamosi binti yangu Wardah anaolewa. Mwanangu wa pekee. Tangu akiwa wa kubebwa anasema siku ya kupambwa ataingia ukumbini na furungu la malkia mguuni, kama mama yake. Mimi nitamfanyia makubwa zaidi. Atamvaa malkia mwili mzima! Masikioni, kidoleni, shingoni. Wanawake wote wa Kisauni watauliza ni kazi ya nani. Na Bonface atakoma.

Bonface ni jirani yangu wa duka. Katoka bara mwaka juzi, koleo hajui kulishika, anauza vito vya kuagiza vinavyong'aa kwa sababu ya taa za rangi. Ana spika mlangoni. Leo kanisalimia mbele ya wateja wake: "Niaje mzee, form iko?" Form kwao ni mpango. Iko! Utaiona.

Jumanne, 5 Agosti

Furungu ninalo. Nilimwamkia mama mkwe, nikamwambia ni aibu liende harusini na weusi ule, anipe nilisafishe. Akasema lisafishwe, lisifanywe jingine, na Ijumaa liwe mkononi mwake. Nikasema inshallah, kwa sauti ya mtu mwaminifu.

Kuna jambo dogo. Furungu ni moja. La pili halimo sandukuni. Nilitaka kuuliza nikaona nitachokoza maswali. Bila shaka lilipotea zamani, au malkia alikuwa na mguu mmoja aliojivunia. Kwenye harusi yangu nilisikia mlio tu, nikiwa nje na wanaume wenzangu. Kupamba ni mambo ya wanawake, mlango unafungwa, simu zinaachwa kwa bibi wa mlangoni. Mwanamume atajuaje ndani mnatembea miguu mingapi?

Nikakata alasiri. Mkato wa kwanza niliupima mara tatu. Wa pili ulikwenda wenyewe. Hereni za mwezi mchanga! Pete! Kidani! Mkanda wa saa, zile saa zinazohesabu hatua! Malkia angekuwa hai angependa kuhesabiwa hatua zake. Kipande cha mwisho nimekigeuza kishikio cha kubandika nyuma ya simu.

Wallahi, kazi nzuri. Nimezibusu hereni. Mke wangu kaniona, akaniuliza nina nini na midomo. Nikasema vumbi.

Jumatano, 6 Agosti

Shanzu! Nilivaa kanzu ya Idi nikampelekea Agneta, mama mmoja mchangamfu mwenye duka la vito katika hoteli ya wageni. Nilitaka avione tu. Akashika shavu. Akaomba viwekwe kwenye kabati lake la kioo hadi kesho, wageni wavitazame, jina langu lijulikane. Akaandika kikaratasi: Vito vya Malkia, Mbunifu Mansur.

Mbunifu! Nimekaa nje ya hoteli hadi askari akaniuliza namsubiri nani. Nikamwambia simsubiri mtu, najitazama.

Niliporudi dukani nikamwonyesha Bonface picha. Akasema hereni zinafanana na ndoana za kuvulia samaki. Wivu huo. Nimeula wali wangu kwa raha.

Alhamisi, 7 Agosti

Maandishi nisamehe, naandika mbio.

Asubuhi kaja Bi Nyamvula kutoka Likoni. Huyu ni dada yake Bi Tima, baba mmoja, mama mbalimbali. Kaingia na leso yenye fundo kifuani, kavuka nayo feri hivyo hivyo, hakuruhusu mtu amguse. Akaifungua mkekani.

Furungu!

Pacha! Maua yale yale, punje zile zile, mlio ule ule! Nilikaa chini bila kuambiwa karibu.

Kumbe nyanya yao aliwaona hawa wajukuu wawili wananuniana tangu utotoni, mama zao hawasikizani. Akampa kila mmoja furungu moja. Likoni moja, Kisauni moja. Akaapiza kwamba hakuna msichana wa ukoo atakayekwenda kwa bwana wake bila yote mawili kukutana miguuni mwake. Kwa hiyo kila harusi lazima hawa dada wazungumze, wavukiane maji, wale pamoja. Hivyo ndivyo walivyobaki ndugu. Wanawake wote wanajua. Mke wangu anajua. Wardah anajua. Wamenitazama wote nikiuliza, kama niliyeuliza jua linatokea wapi.

Bi Nyamvula akamwuliza dada yake, la kwako liko wapi? Bi Tima akanionyesha kwa kidole. Akasema, "Lasafishwa."

Nikatoka na tuktuk hadi Shanzu. Agneta kanipokea kwa vifijo. Kauza! Vyote, kwa mgeni mmoja, mwanamke mkarimu, na sasa hivi yuko njiani kwenda uwanja wa ndege! Kabaki na kishikio cha simu tu, hakuna aliyekitaka. Akanikabidhi hicho pamoja na pesa zangu, akauliza nitaleta vingine lini. Nikarudi kwenye tuktuk mbio.

Airport. Askari akasema bila tiketi siingii. Nikamweleza habari ya malkia, tangu kuta na popo. Akanisikiliza kwa heshima, akasema bila tiketi siingii. Nikaenda kwenye kioo. Nikamwona! Hereni zangu, kidani changu, saa mkononi na mkanda wangu! Nikagonga kioo. Nikapunga mikono yote miwili. Akaniona. Akacheka, akatikisa kichwa hereni zicheze, akawaonyesha wenzake kwamba hata watu wa mtaani wanazisifu. Akanipungia, akapotea.

Alipendeza, ukweli usemwe.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeokoka! Akili yangu haijapata kunitupa.

Fedha ya kuundia furungu jingine sikuipata popote. Lakini ukutani jikoni kulikuwa na mfuniko wa sufuria kubwa la pilau, lile tulilokodi kwa ajili ya harusi. Bati safi, jeupe, laini. Nikaukata, nikaukunja, nikachora maua ya furungu la Likoni kutoka kichwani. Ndani nikatia gololi za gurudumu la baiskeli. Nikasugua ndimu na majivu. Sonara mwingine angelia. Mimi nilipiga mluzi.

Nikampelekea mama mkwe likiwa kwenye kitambaa. Akalipima kiganjani. Akasema nimelisafisha sana, limekuwa jepesi. Nikamwambia uchafu wa miaka mia una uzito wake. Akasema kumbe. Akalifunga na leso bila kulifunua tena.

Mke wangu anaupekua ua mzima akitafuta mfuniko. Nimemsaidia kutafuta.

Jumamosi, 9 Agosti

Nikahi mchana ilikwenda vizuri, bwana harusi katoa jibu lake bila kigugumizi. Mimi nililia, watu wakadhani ni ubaba. Nusu ilikuwa ubaba.

Baada ya Magharibi wanawake wakaingia ukumbini kwa kupamba. Mlango ukafungwa. Wanaume tukakaa nje kwenye mikeka na pilau. Pilau lilifunikwa kwa sinia, limeingia moshi. Bonface nilimwalika ili aone adhama yetu. Kakaa ubavuni mwangu, anakula kwa mikono miwili.

Taarabu ikanyamaza ndani. Ikawa kimya. Nikajua mwanangu kasimama.

Chwaa. Kok. Chwaa. Kok.

Furungu la Likoni lilikuwa linaimba. Langu lilikuwa linabisha hodi. Bonface akaacha kutafuna. Akaniuliza kwa huruma bibi harusi kaumia mguu lini. Kwa uzito wa upande mmoja, mtoto wa watu alikuwa anachechemea! Nikamwambia ndio mwendo wa kifalme.

Chwaa. Kok. Chwaa. Krrrrr.

Hiyo Krrrrr ni gololi. Zilimwagika zote. Tulizisikia zikibiringika chini ya viti, na wanawake wakipiga kelele ati panya, ati shanga, ati shikeni watoto. Gololi moja ilipenya chini ya mlango, ikaja taratibu hadi kwenye mkeka wangu, ikasimama gotini. Bonface akaiokota. Akaitazama. Akanitazama. Akaitia mfukoni mwa shati langu, akaendelea na pilau. Hapo, kwa mara ya kwanza, nilimpenda kidogo.

Mlango ukafunguka ufa. Sauti ya Bi Nyamvula. Hakuja kuniuliza. Alikuwa anasoma, polepole, herufi kubwa zilizogongwa na kiwanda kwenye bati upande wa ndani, ambazo mimi kwa haraka sikuzisugua. Ukubwa wa sufuria. Namba arubaini.

Halafu sauti ya mke wangu: "Mfuniko wangu!"

Jumapili, 10 Agosti

Nimelala dukani. Mke wangu hakunifukuza, aliweka mto wangu nje ya mlango tu.

Wanasema Wardah hakulia. Alilivua langu, akatembea na la Likoni peke yake hadi kitini. Chwaa, kimya, chwaa, kimya. Bi Tima na Bi Nyamvula wakamshika mikono huku na huku, kwa kuwa furungu moja linamwelemea mtu upande.

Leo Wardah kaja kuniaga kabla hajaenda kwa mumewe; bibi zake wamemruhusu, kiapo kikabaki deni. Nilidhani atanigombeza. Kaninyoshea mkono, kanibusu kiganja kama siku zote. Akasema, "Baba, mimi nilitaka mlio aliotembea nao mama. Basi."

Akaondoka. Nimekaa na tupa mkononi, sina cha kusugua nayo. Nimeumia. Naandika hapa kwa kuwa sina wa kumwambia. Mwanangu alitaka kitu kimoja, nacho kilikuwa kizima sandukuni.

Jumatano, 13 Agosti

Kikao cha dada wawili. Niliitwa, nikaketishwa kwenye kigoda cha kukunia nazi ili nijue daraja langu. Bi Nyamvula alitaka kazi apewe Bonface, ana taa. Hapo nilitaka kupiga magoti. Bi Tima akakataa. Akasema aliyelivunja ndiye atakayeliunda, kwa fedha halisi, itakayonunuliwa kwa pesa za yule mgeni, na kile kishikio cha simu kiyeyushwe ndani yake, ili malkia awemo japo kidogo. Wardah anasubiri. Siku litakapokamilika ataitwa kwetu, wanawake watakaa, ataingia upya na yote mawili. Hadi hapo Bi Tima atakuwa dukani kwangu kila siku, kiti karibu na meza yangu, bakora mapajani.

Nikaapa. Nikalia tena, safari hii ubaba mtupu. Bi Nyamvula akatoa furungu la Likoni kutoka kifuani, akalibusu, akaniwekea mikononi liwe kielelezo. Hata wao walikuwa na machozi. Nimepata funzo kubwa. Sitarudia. Nimebadilika kabisa!

Alhamisi, 14 Agosti

Bi Tima yuko kitini tangu asubuhi. Hasinzii. Fedha imefika, kishikio kimeyeyuka vizuri. Nikimaliza hili mwanangu atacheka nami tena. Nimelitazama la Likoni kwa mizani, kwa rula, kwa jua. Kazi ya ajabu. Waliolitengeneza hawakuwa na haraka.

Lakini ni zito. Mno. Hata Wardah lilimwelemea, wanawake wote walishuhudia. Mtu anayempenda mwanawe anaweza kulitazama hivi hivi? Likifunguliwa hapa pembeni, likapunguzwa kidogo tu kwa ndani, hakuna atakayejua. Na lile jipya likilinganishwa nalo, yote mawili yakawa mepesi, ya kisasa, Wardah anaweza kwenda nayo hata sokoni Kongowea! Tena kile kitakachobaki kinatosha hereni. Agneta kapiga simu mara mbili.

Nilimwuliza Bi Tima kwa mbali kama malkia alipenda vitu vyepesi. Kanionyesha bakora.

Adhana ya Alasiri. Kainuka kwenda kutawadha.

Msumeno uko wapi? Ulikuwa hapa sasa hivi.