Mkono Uliozidi Bungeni

Nimeaibika leo, tena mbele ya waheshimiwa wa jimbo zima. Afadhali mnisikie mimi kabla hamjasikia mitaani.

Mnajua napanga mtaa wa Lumumba, hapa Bunia, kwa Mama Dorika. Nyuma ya nyumba yake ameanza vyumba vingine vya kupangisha, kuta zimefika madirishani, mabati hakuna. Amegoma. Anasema watu wa kodi watamla kabla mpangaji hajalala. Ila bunge la jimbo lilikuwa linajadili kuwasamehe kodi kwa muda wanaojenga nyumba za kupangisha, maana Bunia imejaa watu waliokimbia vita na vyumba hakuna. Akaniahidi: wakipitisha, anaezeka, na chumba cha kwanza ni cha mama yangu.

Mama yuko kambini tangu akimbie vita Djugu. Turubai lake limechanika. Mimi nina chumba kimoja na mke wangu, na kwetu mama halali chumba kimoja na mwanawe na mkwe wake. Nimemsihi, amekataa. Basi mabati ya Mama Dorika ndiyo tumaini langu lote.

Asubuhi Mama Dorika akajishika miguu, akaniambia, "Magulu inaniuma. Enda weye, usikilize, uniletee habari." Nikaazima suti na tai kwa kiongozi wa kwaya yetu, kwa sababu mlinzi wa bunge hamruhusu mtu aliyevaa hovyo. (Suti ilinikaa vizuri. Hapo ndipo balaa lilipoanza.)

Ukumbi ni mdogo. Viti vya wananchi viko nyuma ya wabunge, vya plastiki, vile vile kama vyao. Nikajisogeza mbele kidogo nisikie vizuri. Kidogo tena, mpaka nikawa safu moja na wabunge. Hakuna aliyeniuliza.

Mbunge mmoja mnene akasimama. "Jana tu watu wameingia na magodoro kichwani. Watalala wapi? Tuwape nguvu wanaojenga!" Nikatikisa kichwa kukubali, kama mtu wa kamati. Mwingine, mwembamba, akajibu, "Jimbo haina kitu. Barabara zimefungwa, soko zimechomwa. Munataka kuacha hata hii kodi kidogo? Nusu yenu munajenga hapa Bunia!" Ukumbi ukawaka moto. Niseme ukweli, yule mwembamba naye alikuwa na haki. Nilimchukia hivyo hivyo.

Wakabishana mpaka njaa ikawapatanisha. Spika akasema wapige kura kwa kuinua mikono. "Nani anakubali?"

Ndugu zangu, mimi nimekulia kanisani. Kanisani kwetu, mchungaji akiuliza nani anakubali, kila mwenye mkono anainua. Kambini nako kamati inachaguliwa hivyo. Sikuwaza hata kidogo. Nikainua. Na kwa sababu nilikuwa namfikiria mama, nikainua juu sana.

Karani akahesabu, kisha akahesabu na waliokataa. Akarudia. Akamnong'oneza Spika. Ukijumlisha pande zote mbili, mikono iliwazidi wabunge waliokuwemo kwa mmoja.

Wabunge wakageuka. Wakaanza kutazamana, mmoja mmoja, hadi macho yote yakanifikia. Mkono wangu ulikuwa bado juu.

Spika akadhani mimi ni mbunge mgeni, akaniuliza kwa upole, "Papa, weye ni depite ya wapi?"

"Hapana, Honorable. Mi niko mupangaji tu."

"Sasa uliinua mukono juu ya nini?"

"Uliuliza nani anakubali. Mi nakubali."

Wananchi nyuma yangu wakaangua kicheko. Yule mwembamba hakucheka. Alisimama akapiga meza: upande wa pili umeleta watu wa barabarani na kuwavalisha suti ili waibe kura! Yule mnene, aliyekuwa anatetea wenzangu, akaapa hanijui. (Kweli hanijui, lakini iliniuma.) Makelele yakawa ya soko. Spika akafunga kikao: kura imefutwa, jambo linarudi kwenye kamati, watalitazama kikao kingine, Mungu akipenda. Polisi akanishika kiwiko hadi nje. Polepole, lakini hadi nje.

Mama Dorika alikuwa amesikia redioni kabla sijafika. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi, mabati ingojee," akaenda kufunika saruji yake.

Nikaenda kambini, mvua ikaanza njiani. Nilitaka mama aambiwe na mimi. Alikuwa anahamisha sufuria, kwa kuwa turubai lilianza kuvuja mahali pengine.

"Ule mutu wa ku radio," akasema bila kunitazama, "ilikuwa weye?"

"Ilikuwa mimi, mama."

"Uliinua mukono juu yangu?"

"Ndiyo, kwa ajili yako."

Akaweka sufuria chini. Kisha akaniachia sehemu moja iliyobaki kavu, yeye akakaa kwenye maji.

Najua mtacheka, na mna haki. Nawaomba tu msubiri mvua ikatike.