Ua Lisilokula Rushwa

Shangazi alilisema huku akikunja nguo, na Bwana Taratibu alijua hiyo ni dalili mbaya: hadi Jumamosi awe amepata kazi au ahame. Godoro lake lilikuwa katika chumba cha cherehani, na wateja wa shangazi walikuwa wamechoka kupimwa viuno huku mtu mzima akikoroma miguuni pao.

Jina la Taratibu alipewa kwa sababu hakuwahi kumkimbilia mtu. Aliwaacha watu wamkimbilie yeye. Asubuhi hiyo alikwenda kutafuta akili nyuma ya nyumba za mwisho, kwenye uwanda wa nyasi ambako hakuna aliyewahi kuiba kitu kwa kuwa hakukuwa na kitu. Hapo akayaona maua ya manjano, yamefunguka yakilielekea jua. Maua ya porini tu, ambayo hata mbuzi huyapita. Mwingine angesema ni mazuri, akaenda zake. Bwana Taratibu alivua kofia kama mtu aliyefika benki.

Alimkumbuka Mwenye Nyumba, tajiri wa ghorofa la ng'ambo ya barabara, ambaye kila akienda kwa kinyozi alilalamika kwamba wapangaji wake wote ni waongo. Kesho yake asubuhi na mapema alikuwa mlangoni kwa tajiri huyo, na ua moja kwenye kopo la rangi.

"Hili ni Ua Mkweli, mzee. Mtu akisema uongo mbele yake, linafumba."

Mwenye Nyumba alilitazama. Kwa uangalifu mkubwa akasema kwamba yeye hajawahi kumdhulumu mpangaji hata mmoja. Ua halikutikisika. Kwa jua lile la asubuhi, lisingetikisika hata mbele ya Ibilisi.

Bwana Taratibu alitikisa kichwa kwa heshima, akasema amelizungusha mji mzima na hajawahi kuliona limetulia kiasi hicho. Kilemba cha ukoka kilimkaa Mwenye Nyumba sawasawa, naye akataka maua bustani nzima, mbele ya kila mlango. Fedha hakutaka kutoa, kwani fedha zilimuuma kama jino. Wakakubaliana chumba cha juu, bure, maisha yote. Ufunguo ungekabidhiwa Jumamosi mbele ya wapangaji wote, ili wajue wamekwisha.

Siku ya kupanda, Mwenye Nyumba alikuja na ndoo ya maji na toroli la samadi.

"Usithubutu, mzee," alisema Bwana Taratibu. "Ua hili halili rushwa."

Alisema hivyo kwa uvivu, maana aliona ni nani angebebeshwa ndoo. Lakini mmea wa porini umezoea shida, na katika udongo ule mkavu ulishamiri kuliko waridi za jirani zilizokuwa zikinyweshwa kutwa. Kopo moja alimpelekea shangazi na hadithi ile ile, ili kumlainisha. Shangazi aliliweka dirishani juu ya cherehani, na tangu hapo akawa anasengenya kwa tahadhari; likifumba mchana, aliwalaumu wateja na vipimo vyao.

Kosa la Bwana Taratibu lilikuwa moja. Alifanya kazi asubuhi tu. Jua likipanda, naye hupanda kitandani. Kwa hiyo hakuwahi kuliona ua lile saa sita mchana. Mwenye Nyumba aliyaona yakifumba, lakini kila mara alijua ni wapangaji wanadanganya.

Jumamosi, Mwenye Nyumba alikawia kwenye chai, akakawia tena akitafuta koti la sherehe. Wapangaji walipokwisha kukusanyika bustanini, jua lilikuwa utosini. Aliinua ufunguo juu, akamwomba mgeni awaeleze watu, kwa kinywa chake, alikolipata ua lile.

Bwana Taratibu alikohoa, akaanza. Alipoutaja mlima mrefu, ua la kwanza lilijikunja. Alipofika kwa mtawa aliyemkabidhi mbegu akiwa kufani, safu ya mbele yote ilikuwa imefumba. Mpangaji wa chini, fundi redio, alimsihi aendelee. Akaendelea, maana kunyamaza hakujifunza, mpaka bustani nzima ikabaki vifundo vya kijani.

Akisema ni maua ya porini yanayolala mchana, amejishtaki. Akisema hajadanganya, maua yanamkana. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Hawakusema kwamba huenda akaioteshea maua mwenyewe.

Mwenye Nyumba hakukasirika. Alikuwa analengwalengwa na machozi ya furaha.

"Ua ni zima," alisema. "Mwenye ua ndiye mwongo."

Ufunguo ukarudi mfukoni, kwa kuwa mwongo hapewi chumba. Lakini kila mtambo lazima upimwe, na kwa hiyo alimwajiri Bwana Taratibu hapo hapo, kwa mshahara wa mwezi: kila siku saa sita mchana asimame bustanini aseme uongo, ijulikane kama maua bado yanafanya kazi.

Bwana Taratibu alirudi nyumbani mbio, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona. Alikuwa na furaha ya kweli. Kazi ya halali, yenye mshahara, na godoro lake limepona. Alimkuta shangazi kwenye cherehani, uzi mdomoni.

"Umepata kazi?"

"Nimepata, shangazi. Nimeajiriwa kusema uongo mbele ya maua."

Huo ndio ulikuwa ukweli mtupu wa kwanza kumtoka tangu aote meno. Shangazi aligeuka, akatazama dirishani. Ua lilikuwa limefumba.

Akautoa uzi mdomoni, akainuka, akaanza kulikunja godoro.