Tisa kwa Beki wa Kushoto

Jumapili, 3 Machi

Mjukuu wangu nimempa nane. Nane kwa kumi, gazetini, mbele ya umma! Beki wa kushoto. Jana aliugusa mpira mara chache, na safari moja ni mpira uliomgusa yeye. Lakini nane. Kalamu yangu, mjukuu wangu. Wa kunizuia nani?

Mhariri, labda. Mama huyo kabandika karatasi ukutani, juu ya meza yangu hasa: mwandishi asiandike habari za ndugu yake bila kumwambia msomaji. Maneno mazuri sana. Nimetundika koti langu juu yake tangu msimu uanze. Leo kaniuliza kama kuna mtu ninayemjua kwenye timu ile. Nikamwambia nawajua wote, mama, si ndiyo kazi yangu? Uongo uko wapi hapo? Mtoto anatumia jina la ukoo wa baba yake, mimi ni babu wa kwa mama. Hata posta hawawezi kutuunganisha.

Miwani, yule binti wa gazeti pinzani, kampa nne. Husuda! Kaka yake mwenyewe ndiye kipa wa timu hiyohiyo, na hampi alama kabisa. Kila wiki anaandika: kipa ni kaka wa mwandishi, hakupimwa. Sasa faida ya kuwa na ndugu ni nini?

Jumanne, 5 Machi

Mjukuu kaja nyumbani. Kapanda ngazi akishika ukuta. Nikamtania kama kawaida: karibu mume mwenzangu, mke wetu yuko jikoni. Siku nyingine angenijibu kwamba nijiandae kurudi kwetu, mke kachoka na mzee. Leo kakaa tu, kanyoosha mguu.

Goti. La kulia. Linavimba kila akicheza. Kumwambia kocha anaogopa, maana kocha wao anasema maumivu ni habari za wodi ya wazazi. Aliyelalamika mwaka jana hajapangwa hadi leo.

Sasa sikiliza jambo hili. Kocha huzikata alama zangu gazetini na kuzibandika kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Zangu, si za Miwani! (Za Miwani zina maelezo marefu.) Anayepata chini ya tano anakaa benchi mechi inayofuata. Nilivimba kichwa, nikasahau goti. Mjukuu akasema polepole, babu, kesho kuna mechi. Kesho kutwa unipe nne. Nitakaa benchi Jumamosi, goti lipumzike, hakuna atakayejua.

Nimeona akili hizo kazitoa kwangu. Nikakubali. Bibi yake akatokea jikoni na mwiko mkononi, akasema nendeni hospitali, na kocha aambiwe ukweli, hamna hata mmoja mwenye akili kati yenu? Nikamwambia mke wangu, haya ni mambo ya michezo. Akarudi jikoni. Sufuria zililia kwa muda mrefu.

Alhamisi, 7 Machi

Jana kacheza vibaya kweli. Anachechemea, winga wao anampita kama anapita mlango wa sokoni. Nne yake ilikuwa halali! Kwa mara ya kwanza maishani mwangu ukweli na mpango wangu vimekaa kiti kimoja. Nikaandika nne.

Ndipo Miwani akapita nyuma ya kiti changu, jukwaani kwa waandishi, na kikombe chake cha chai. Akachungulia. Akasema mbele ya wenzetu wote: shikamoo mzee, leo hata wewe umeshindwa kumbeba yule mtoto? Wakacheka. Yule wa redio akacheka hadi akazima kinasa sauti chake.

Marahaba, nikamwambia. Na damu ikapanda.

Nikafuta nne. Nikaandika tisa.

Tisa! Wallahi sijui kalamu ilipitia wapi. Na maelezo nikayaongeza: ukuta wa kushoto. Anautuliza mchezo kwa mwendo wa makusudi, kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji. Huko ni kuchechemea. Kuchechemea nimekuita mwendo wa makusudi, na gazeti limechapa.

Miwani kampa tatu. Kaandika: anaonekana ana maumivu, aangaliwe.

Ijumaa, 8 Machi

Mjukuu kapiga simu. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Kasema tu, babu, tisa?

Nikamuuliza kama amekula.

Kocha kaisoma alama hiyo mbele ya timu nzima, kisha kaibusu karatasi. Mtoto kajikaza, kamwambia, mwalimu, goti langu bovu. Kocha kacheka, kampiga mgongoni, kasema mnaona? Mwenye tisa ana unyenyekevu! Sasa hata ukweli akiusema hauaminiki, kwa sababu mimi nimeshasema.

Njia ya mkato ipo: niende kwa kocha, niseme mimi ni babu yake, ile tisa ni ya majivuno, goti lipo. Nimeifikiria njia hiyo asubuhi nzima. Lakini nikisema mimi ni babu yake, mhariri atajua. Akijua, kiti changu jukwaani kimekwenda, kile cha pembeni, kisicho na nguzo mbele.

Basi nikatumia akili. Nikampigia kocha nikiwa na leso mdomoni. Nikajitambulisha kuwa ni daktari. Nikasema beki wako wa kushoto asicheze kesho, goti litakatika. Kocha kaniuliza daktari wa wapi. Nikasema wa magoti. Akaangua kicheko. Kasema anatujua sisi mashabiki wa timu ya wapinzani, tunamwogopa mtu wa tisa, basi atacheza dakika zote hata mvua ya mawe ikinyesha! Akakata simu.

Nimejipalia makaa. Na leso imenuka tumbaku siku nzima.

Jumamosi, 9 Machi

Siandiki mengi.

Kipindi cha pili. Winga alikuja, mtoto akageuka, goti halikugeuka naye. Nilimwona akianguka peke yake. Hakuna aliyemgusa.

Jukwaani kwetu kushangilia ni marufuku. Hata ukikohoa unatazamwa umekoholea timu gani. Mimi nilisimama. Nikapiga kelele, mjukuu wangu! Mjukuu wangu huyo! Uwanja ulikuwa kimya, nadhani nilisikika mpaka benchi.

Wote wakageuka. Nilimngoja Miwani acheke. Hakucheka. Kavua miwani, kachukua mkoba wangu na kofia yangu, kanishika mkono ngazi zote mpaka chini, akiniambia taratibu mzee, angalia hapo, taratibu. Angecheka ningepata nafuu.

Machela ilipita mbele yangu. Mtoto alikuwa kajifunika uso kwa jezi. Kocha alikuwa nyuma, anarudiarudia, lakini alikuwa na tisa, jamani, alikuwa na tisa.

Daktari kasema ni upasuaji. Msimu umekwisha. Nikauliza kama atakimbia tena kama zamani. Kasema tuombe atembee vizuri kwanza.

Jumapili, 10 Machi

Mhariri hakufoka. Kaniambia nitoe koti ukutani. Nikatoa. Kaniambia nisome kilichoandikwa, kwa sauti. Mimi shule niliishia nusu ya darasa la saba, nusu nyingine nilikuwa nje nimepigishwa magoti. Lakini kusoma najua. Nilisoma vizuri hadi neno "ndugu". Hapo nikaomba maji.

Kasema sitatoa alama tena. Kasema msomaji lazima aambiwe, na nitamwambia mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Nikaandika ukurasa mzima: uzee, joto, presha, Miwani. Akakata vyote kwa kalamu nyekundu. Ikabaki hivi: Beki wa kushoto ni mjukuu wangu. Nilijua anaumwa goti, nikampa tisa.

Basi. Miaka yote hii ya kuandika, na habari yangu yote imeingia mistari miwili.

Bibi yake ananiwekea chai mezani bila kuniangalia. Sukari haipo. Siulizi.

Jumatano, 13 Machi

Upasuaji ulikuwa jana. Leo nilikwenda wodini. Nilitaka kumtania, hujambo mume mwenzangu, nikaacha. Nikakaa pembeni ya kitanda nikakunja kofia.

Gazeti lilikuwa chini ya mto wake. Kasema kaisoma ile mistari miwili. Kasema, babu, hiyo ndiyo habari yako ya kwanza niliyoiamini. Kisha kageukia ukutani.

Nilikaa hadi muuguzi aliponitoa. Ningempa nini mtoto yule? Angeniambia tena nimpe nne, ningempa nne. Nne nzuri, safi, ya benchi. Nimeirudia njiani kote: nne, nne, nne. Kondakta kadhani nataka tiketi nne.

Ijumaa, 15 Machi

Nimeapa. Nimeapa mbele ya mke wangu: sitachanganya tena kalamu na ndugu. Leo kanitilia sukari. Kijiko kimoja, lakini sukari.

Mhariri kanihamishia mpira wa pete wa shule. Bila alama. Maelezo tu, yawe mafupi na ya kweli. Nikasema ndiyo, mama, kwa moyo mweupe.

Mchana nikapita hospitali. Mjukuu anahitaji mazoezi ya goti mapema, ila foleni ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo ni ndefu, mpaka mwezi ujao. Nikaongea na mtaalamu mwenyewe, mtu mpole kweli. Katika kuongea ikatokea kwamba binti yake anacheza mpira wa pete. Mlinda goli, shule ileile nitakayoiandika kesho! Kasema ni mzito kidogo, hashiki mipira ya juu.

Mzito? Nikamwambia nimesikia mwanao ana utulivu wa ajabu golini. Macho yakamng'aa. Kaniuliza goti la nani lile.

Sasa tusikilizane. Alama nimekatazwa. Sifa sijakatazwa. Na binti huyo si ndugu yangu hata kidogo, karatasi inasema ndugu!

Jioni nimerudi ofisini kuhakikisha. Mhariri kaihamishia karatasi yake ukuta wa pili, mbele ya macho yangu kabisa, mbali na koti.

Lakini ukuta ule una msumari. Na mimi nina kofia.